MSHAIRI ALIYEFUNGIWA NA THELUJI

Waingereza wakimtaja Shakespeare hawana haja ya kueleza ni nani, na Wajerumani vivyo hivyo kwa Goethe. Kwa Warusi jina hilo ni Pushkin. Alexander Pushkin alizaliwa mjini Moscow mwaka 1799, akafa mwaka 1837 kabla hajatimiza miaka 38, na mpaka leo hakuna mtoto wa Kirusi anayemaliza shule bila ya kujifunza mashairi yake kwa moyo. Mambo ya maisha yake ni mengi, na kurasa hizi hazitoshi. Kwa hiyo nitakawia zaidi katika majira mawili ya baridi, yale yaliyoanza mwaka 1824 na mwaka 1825, ambayo serikali iliyakusudia yawe adhabu yake, nayo yakawa chuo chake. Tarehe nitakazotaja ni za kalenda ya zamani ya Warusi, ambayo wakati ule ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 12.

Sisi Waafrika tunayo sababu nyingine ya kumkumbuka. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika. Alichukuliwa kwao utotoni, akapelekwa Constantinople, na kutoka huko akaletwa Urusi karibu na mwaka 1704, akatolewa kwa Mfalme Petro Mkuu kama zawadi. Wataalamu wengine husema kwao kulikuwa upande wa Uhabeshi, wengine husema ni kusini ya Ziwa Chad, na ubishi huo haujakwisha. Mfalme alikuwa msimamizi wake katika ubatizo, akamwacha aende Ufaransa kusoma uhandisi, na yule mtoto wa zawadi alikufa mwaka 1781 akiwa jemadari mstaafu mwenye mashamba yake mwenyewe. Mashamba hayo yalikuwa katika jimbo la Pskov, naye alipewa na Malkia Elizaveta katika miaka ya 1740. Moja katika hayo liliitwa Mikhailovskoye, nalo ndilo litakalotuhusu. Pushkin hakuificha asili yake. Aliitaja mara nyingi katika maandishi yake, na mwaka 1827 alianza kuandika hadithi ya maisha ya mzee huyo, ingawa hakuimaliza.

Alipokuwa mtoto alilelewa kama walivyolelewa watoto wa watu wakubwa wa Urusi siku zile, yaani kwa Kifaransa. Walimu wake walikuwa Wafaransa, vitabu vya baba yake vilikuwa vya Kifaransa, na mashairi yake ya kwanza aliyatunga kwa Kifaransa. Kirusi kilikuwa lugha ya jikoni na ya watumishi. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili.

Mwaka 1811 aliingia katika shule mpya ya serikali huko Tsarskoye Selo, karibu na mji mkuu wa St. Petersburg. Ilikuwa shule ya bweni, na darasa la kwanza lilikuwa na wavulana 30. Wenzake walimwita Mfaransa. Walikuwa na magazeti yao ya shule, yaliyoandikwa kwa mkono, na humo Pushkin na rafiki zake walijaribu kalamu zao. Januari 1815, katika mtihani wa hadhara, alisoma shairi lake mwenyewe mbele ya Derzhavin, mshairi mkuu wa zama zile, mzee aliyekuwa akisinzia mpaka somo la lugha lilipofika. Mzee aliamka kabisa, akataka kumkumbatia kijana, lakini kijana alikwisha toka mbio kwa haya. Hata hivyo alipomaliza masomo mwaka 1817 Pushkin alishika nafasi ya 26 katika wanafunzi 29. Wavivu wa hesabu wasishangilie mapema, kwa maana wenzake wanasimulia kwamba alisoma vitabu vingi kuliko wote.

Jina lake lilivuma upesi mjini. Lakini aliandika pia mashairi ya kudai uhuru na ya kuwadhihaki wakubwa. Mashairi hayo hayakupigwa chapa, yalinakiliwa kwa mkono na kupita kutoka nyumba hata nyumba mpaka yakafika masikioni mwa Mfalme Alexander wa Kwanza. Mwaka 1820 kijana alihamishwa kupelekwa kusini, akakaa Kishinev, kisha Odessa. Huko angalau palikuwa na jua, bahari na watu. Mwaka 1824 polisi walifungua barua yake moja, wakakuta ameandika maneno ya kuonyesha kwamba haamini dini. Akafukuzwa kazini, akaamriwa kwenda kukaa katika shamba la mama yake la Mikhailovskoye chini ya ulinzi. Alifika tarehe 9 Agosti, akiwa na umri wa miaka 25.

Mikhailovskoye ni kaskazini, yapata kilomita 400 kutoka St. Petersburg kwa barabara. Nyumba ilikuwa ya mbao, ndogo na kuukuu, juu ya kilima kilichotazama mto Sorot na maziwa mawili, na misitu ya misonobari imeizunguka. Ni mahali pazuri, lakini uzuri wa mahali haumfurahishi mtu aliyekatazwa kuondoka. Tena mlinzi wa kwanza aliyewekewa alikuwa baba yake mzazi. Baba alikubali kazi hiyo ya kumpeleleza mwanawe kwa kuiogopa serikali, na mara ugomvi mkali ukazuka, hata mwishoni mwa Oktoba Pushkin aliandika barua kwa gavana wa Pskov akiomba ahamishwe afungwe katika ngome yo yote, maadamu asikae tena nyumbani. Kwa bahati njema barua haikufika. Baba, mama na ndugu zake wakaondoka kurudi mjini, na ulinzi ukabaki kwa wakubwa wa jimbo na mkuu wa nyumba ya watawa ya Svyatogorsk iliyokuwa jirani. Pushkin akaachwa na watumishi, na theluji ikaanza kuanguka.

Sisi huita kipupwe baridi ya Juni na Julai, tukajifunika blanketi la pili tukaona tumeteseka. Baridi ya Pskov ni kitu kingine. Theluji huanguka kuanzia Novemba, ikalala chini mpaka karibu na Aprili. Mto huganda hata farasi hupita juu yake. Katika mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda wa saa 7 hivi tu katika siku, nalo huwa chini, halina joto. Barabara hufutika, na safari hufanywa kwa gari lisilo na magurudumu, lenye miti miwili chini ya kuteleza juu ya theluji. Mkulima hana kazi shambani. Watu hukaa ndani karibu na tanuri, wanawake husokota nyuzi, na usiku huwa mrefu mno. Kwa mtu aliyezoea ngoma, michezo ya kuigiza na rafiki wa mjini, majira kama hayo ni kifungo ndani ya kifungo.

Nyumba nzima haikupashwa moto. Pushkin aliishi katika chumba kimoja kando ya mlango wa mbele, na ndani yake mlikuwa na kitanda, meza ya kuandikia, kabati la vitabu, karatasi zilizotapakaa kila mahali, na kalamu za manyoya zilizotafunwa mpaka zikawa vipande. Mlango uliokabili chumba chake ulikuwa wa yaya wake, Arina Rodionovna, ambako wasichana wa shamba walikaa wakishona.

Hapa yafaa tumtazame vizuri mwanamke huyu. Arina alizaliwa mwaka 1758 katika hali ya utwana. Wakulima wengi wa Urusi wakati ule walikuwa mali ya mwenye shamba, wakiuzwa na kurithiwa pamoja na ardhi, na utwana huo haukufutwa mpaka mwaka 1861. Hakujua kusoma wala kuandika, na barua zake ziliandikwa na watu wengine. Alikuwa amewalea watoto wa nyumba ile, na sasa, akiwa na miaka 66, alibaki peke yake na kijana wake wa zamani ambaye serikali yote ilikuwa ikimwogopa. Kila jioni alimsimulia ngano: za wafalme na wana wao, za wachawi, za mashetani wanaodanganywa na wajanja, za visiwa vya ajabu baharini. Alizisimulia kama bibi zetu wanavyosimulia, kwa sauti ya kila mnyama na kila mtu, na kwa Kirusi safi cha vijijini ambacho hakikuwahi kupita katika vitabu vya Kifaransa.

Pushkin alichukua daftari akaandika muhtasari wa ngano saba. Kisha akamwandikia mdogo wake Lev akimweleza jinsi siku zake zinavyokwenda. Asubuhi huandika, hula chakula chake akiwa amechelewa, alasiri hupanda farasi, na jioni husikiliza ngano, na kwa njia hiyo anaziba mapengo ya malezi yake mabaya. Kijana aliyesomeshwa katika shule bora kabisa ya dola ile alikiri kwamba elimu yake ilikuwa na pengo, na kwamba mwenye kuliziba ni kikongwe asiyejua herufi hata moja. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote lililompata katika uhamisho. Kama angekuwa mjini katika majira yale ya baridi, angekuwa anacheza karata mpaka alfajiri.

Baridi yenyewe nayo ilimfaa mwilini. Watumishi walisimulia baadaye kwamba asubuhi ya kipupwe alikuwa akiingia katika maji yenye barafu, kisha hutoka kwenda kupanda farasi. Joto la kiangazi, pamoja na vumbi, nzi na mbu wake, hakulipenda, na majira ya kuchipua miti yalimfanya mgonjwa. Yaliyompendeza zaidi ni majira ya majani kuanguka, baridi ikiwa mlangoni, kwani hapo damu yake ilichangamka na kalamu ikaenda yenyewe. Alipochoka na upweke alikwenda kwa jirani, Bibi Osipova wa Trigorskoye, mwendo wa kilomita 3 hivi, ambako mlikuwa na mabinti, piano, na maktaba nzuri. Lev alimletea vitabu kutoka mjini. Akasoma historia ya Urusi iliyoandikwa na Karamzin, akasoma Shakespeare kwa Kifaransa, na kutokana na vitabu hivyo viwili alianza tamthilia kubwa ya Boris Godunov, mfalme aliyetawala kuanzia mwaka 1598 hata 1605 huku roho yake haina raha. Katika tamthilia hiyo wakulima na watawa walevi husema kama wasemavyo kweli, jambo lililokuwa geni. Alipoimaliza, Novemba 1825, alijisomea kwa sauti yeye peke yake, kisha akajipigia makofi. Nani mwingine angepiga?

Lakini tusije tukadhani kwamba alikuwa na furaha siku zote. Aliomba ruhusa ya kwenda kutibiwa, akakataliwa. Alifikiria kutoroka kwenda nchi za nje. Shairi lake mashuhuri la jioni ya baridi, ambalo ndani yake dhoruba inalia nje na kikongwe amenyamaza kando ya dirisha, lilitungwa katika mwaka huo wa 1825, na ye yote alisomaye huona jinsi nyumba ile ilivyokuwa na huzuni.

Tarehe 11 Januari 1825, kiasi cha saa mbili asubuhi, kengele za farasi zilisikika uani. Alikuwa Ivan Pushchin, rafiki yake wa shule, ambaye vyumba vyao vya bweni vilikuwa ubavu kwa ubavu. Watu walikuwa wamemwonya kwamba kumtembelea mtu aliye chini ya ulinzi ni hatari, naye hakujali. Pushkin alitoka mbio mpaka barazani, miguu mitupu, amevaa shati tu, mikono ameinua juu, katika baridi ile. Wakakumbatiana, mmoja yu nusu uchi na mwingine amejaa theluji, na Arina asiyemjua mgeni akamkumbatia vile vile. Siku nzima walizungumza. Pushchin alikuwa ameleta nakala ya mkono ya tamthilia ya Griboyedov iliyokatazwa kupigwa chapa, na Pushkin akaisoma kwa sauti. Mara mtawa akaonekana anakuja, na Pushkin upesi akafungua mezani kitabu kinene cha maisha ya watakatifu. Mtawa akakaa kidogo, akanywa chai, akaenda zake, na kitabu kilichokatazwa kikatolewa tena. Usiku wa manane Pushchin alipanda gari lake. Pushkin alisimama barazani ameshika mshumaa. Hawakuonana tena maishani.

Pushchin alikuwa katika chama cha siri cha maofisa na vijana wa vyeo waliotaka kumaliza utawala wa mtu mmoja na utwana wa wakulima. Mwishoni mwa mwaka ule mambo yao yalikomaa. Mfalme Alexander alikufa ghafla tarehe 19 Novemba, na habari ilipofika Mikhailovskoye mwanzo wa Desemba, Pushkin aliamua kwenda mji mkuu kwa siri bila ya ruhusa. Husimuliwa kwamba alipoanza safari sungura alikatiza njia mbele ya gari, kisha akakutana na padre, na kwa Warusi wa zamani mambo hayo ni mkosi. Kwetu pia wako watu waliorudi nyumbani kwa kisa kidogo kuliko hicho. Pushkin akageuza farasi. Asubuhi mbili, tarehe 13 na 14 Desemba, alikaa mezani akatunga hadithi nzima ya kuchekesha kwa mashairi, iitwayo Count Nulin. Na siku hiyo hiyo ya tarehe 14 rafiki zake walisimama na askari wao katika uwanja wa Seneti mjini St. Petersburg, juu ya theluji, wakakataa kumwapia mfalme mpya Nicholas. Kabla ya usiku kuingia walipigwa mizinga, wakatawanyika. Watano walinyongwa Julai 1826, na zaidi ya mia walihukumiwa kwenda Siberia, Pushchin akiwa mmoja wao.

Kama angefika mjini, huenda fasihi ya Urusi ingekoma hapo. Habari za maangamizi hayo zilipomfikia, Pushkin alichoma kumbukumbu za maisha yake alizokuwa akiandika, ili zisiwatie watu hatarini. Kisha, akiwa hajui kama kesho watakuja kumkamata, aliendelea na kazi. Januari 1826 alianza sura ya tano ya Eugene Onegin, hadithi yake ndefu kuliko zote kwa mashairi. Sura hiyo hufunguliwa kwa theluji iliyochelewa mpaka Januari, na mkulima aliyefurahi kupata njia ya gari lake, na mtoto anayecheza nje huku vidole vinamganda. Hakuna kitu cha Kifaransa humo. Ni mambo aliyoyaona kwa dirisha lake, nayo yameandikwa na mtu aliyeyapenda.

Septemba 1826 mjumbe alikuja usiku kumchukua, na Arina akalia akidhani anapelekwa Siberia. Alipelekwa Moscow mbele ya Mfalme Nicholas. Mfalme alimwuliza angekuwa wapi tarehe 14 Desemba kama angalikuwa mjini, naye akajibu kwamba angalikuwa uwanjani pamoja na rafiki zake. Mfalme alimsamehe, lakini akajifanya yeye mwenyewe mkaguzi wa maandishi yake, na samahani ya namna hiyo ina kamba ndefu. Boris Godunov ilingoja miaka mitano kabla ya kupigwa chapa. Mwezi Desemba wa mwaka ule Pushkin alitunga shairi fupi kwa ajili ya Pushchin, kumkumbusha asubuhi ya kengele uani. Mwanamke mmoja, mke wa mfungwa mwingine, alilichukua mpaka Siberia, akampa Pushchin kupitia katika ua wa gereza la Chita siku ile ile aliyofika huko, Januari 1828.

Arina Rodionovna alikufa katika kiangazi cha mwaka huo huo wa 1828, nyumbani kwa dada yake Pushkin. Ngano zake hazikufa. Mwaka 1831 Pushkin alitunga kwa mashairi hadithi ya Mfalme Saltan, ambayo muhtasari wake ulikuwa ndani ya lile daftari la Mikhailovskoye, na watoto wa Kirusi huisikia kabla hawajajua kusoma.

Miaka yake iliyosalia naitaja kwa haraka. Alioa Februari 1831, msichana mzuri sana aitwaye Natalya Goncharova, wakapata watoto wanne. Maisha ya mji mkuu yalimletea madeni na maadui. Mfaransa mmoja askari, Georges d'Anthès, alimwandama mkewe mpaka maneno yakaenea, na kwa desturi mbaya ya zama zile mambo kama hayo yalimalizwa kwa bastola, mtu na mtu. Walikutana nje ya mji alasiri ya tarehe 27 Januari 1837, theluji ikiwa imefika magotini, hata wasaidizi wao ikawabidi waikanyage kwanza ili kutengeneza njia. Pushkin alipigwa risasi ya tumbo. Alikufa baada ya siku mbili.

Serikali ilihofu makundi ya watu waliojaa mbele ya nyumba, ikaamuru maiti iondolewe usiku. Jeneza lilifungwa juu ya gari la theluji, likaenda mbio kuelekea kusini, na waliolisindikiza walikuwa askari mmoja wa serikali, rafiki yake mzee Alexander Turgenev, na mtumishi wake Nikita Kozlov aliyekuwa naye tangu utotoni. Asubuhi ya tarehe 6 Februari alizikwa katika nyumba ya watawa ya Svyatogorsk, ubavuni mwa mama yake aliyekufa mwaka mmoja nyuma, kilomita chache tu kutoka chumba kile cha kalamu zilizotafunwa. Ardhi ilikuwa imeganda sana, na kaburi halikuweza kukamilishwa vizuri mpaka theluji ilipoyeyuka.